Mama Yangu na Ndege wa TV ya Chogo

Rafiki yangu, wewe nakuamini, ndiyo maana nakwambia hili bila kulipamba. Mwaka wa kipaimara cha binti yangu, mimi mama wa rozari, mama wa kwaya, nilizunguka Mwanza natafuta TV ya chogo ili mama yangu mzazi akae mbele yake apige ndege kwa bunduki. Usicheke kwanza. Au cheka tu, maana hata sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma, ila nisikilize mpaka mwisho.

Kama wewe umezaliwa juzi, TV ya chogo ni zile televisheni nene za zamani. Mbele kioo kimetuna, nyuma kisogo kimetoka, ukiiweka mezani inataka meza nzima. Ya kwetu iliingia nyumbani Kirumba nikiwa darasa la tano. Baba alikuwa fundi wa majokofu kwenye kiwanda cha samaki, na jirani mmoja aliyekuwa anahama mji alimwachia ile TV pamoja na mfuko uliojaa nyaya. Baba aliileta kwa mkokoteni, anatembea pembeni ameishikilia kwa mikono miwili, kila shimo la barabara anaiambia pole.

Mama akaipokea, akaifuta, akaifunika kitambaa cha kroshia alichofuma mwenyewe, juu akaweka picha ya ndoa yao na kopo la maua ya plastiki. Wiki nzima ikawa kabati. Matangazo enzi hizo hayakufika vizuri kwetu. Ukiwasha unaona chenga tu, zile nukta nyeusi na nyeupe zinarukaruka kama dagaa waliovuliwa sasa hivi.

Ndipo baba akafungua ule mfuko. Ndani kulikuwa na kagemu. Kaboksi ka kijivu, kana pedi mbili za kushika mkononi, na kaseti za njano unazichomeka juu. Kaseti ikikataa unaitoa, unaipuliza kama unapoza uji, unairudisha. Baba akachomeka waya mahali pa antena, akaanza kuzungusha kile kinobu cha stesheni taratibu, na sisi tumejazana mgongoni kwake.

"Hapo!"

"Umepita!"

"Baba rudi, rudi, ilikuwa inakuja!"

Picha ilipotokea, kagari kekundu kwenye barabara ya kijani, tulipiga kelele mpaka jirani akaja mbio na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua. Akaitua ndoo, akakaa, naye akaomba zamu.

Mama alisimama mlangoni na mwiko wake. "Yaani watu wazima na akili zenu mnafukuzana na gari lisilo na hata abiria mmoja."

Hakukaribia. Siku ya tatu tukagundua chini ya mfuko kuna bunduki, ya plastiki, rangi ya machungwa. Mama kuiona tu akafanya ishara ya msalaba.

"Hiyo itoke. Bunduki haikai nyumba moja na rozari."

Baba akamwambia, "Mama watoto, hii haipigi mtu. Inapiga ndege tu, tena ndege wa taa."

"Ndege?"

Hilo neno ndilo lililomleta ndani. Mama yangu amekulia kwenye majaruba ya mpunga, huko Usukumani ndani. Kila msimu mpunga ukishatoa punje, yeye ndiye aliyewekwa juu ya kichanja na kombeo lake na madonge ya udongo mkavu, kuanzia kabla jua halijatoka mpaka linazama, anafukuza kwelea kwelea. Darasa la pili hakulimaliza kwa sababu ya kwelea kwelea. Wenzake wanasoma, yeye anarusha udongo. Kwa hiyo ukimtajia ndege, umemtajia mtu anayedaiana naye.

Akaweka mwiko chini. "Leteni hapa. Hao nawajua."

Akakaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, bunduki mkono wa kulia. Ndege wakatoka kwenye majani, akafyatua. Akakosa. Akafyatua tena. Akakosa. Akakosa wote, na ukikosa wote kale kagemu kanatoa mlio wa kukuzomea, kama mbuzi anayecheka.

Tatizo letu hatukulijua mpaka baba alipomtazama vizuri. Mama alikuwa anapiga mbele ya ndege. Kwa kombeo ndivyo ilivyo, donge linachukua muda njiani, kwa hiyo ndege unampiga anapokwenda, humpigi alipo.

"Mpige alipo!" tukamwambia.

"Alipo? Ukimpiga alipo ameshaondoka!"

"Huyu haondoki, mama, huyu ni wa taa."

"Ndege ni ndege. Msinifundishe ndege ninyi mliozaliwa mjini."

Alibishana na ile TV nusu ya alasiri. Halafu akapiga mmoja alipo, kwa bahati mbaya, akaanguka. Mama akatutazama. Hakusema tulikuwa sahihi, hilo sahau. Ila kuanzia siku ile hakuna aliyemshinda, si baba, si jirani wa ndoo, si mtoto yeyote wa mtaa ule. Kila siku akishaosha vyombo vya mchana anaondoa picha ya ndoa, anaondoa maua, anakunja kitambaa, anawalaza ndege wote, kisha anafunika tena tunasali rozari. Wageni wakija baba anawaambia, "Subirini kidogo, mke wangu yuko shambani."

Baba alifariki, ile TV ikafa na yenyewe, mimi nikaolewa. Kagemu na bunduki nikavifunga kwenye kitenge nikavitia sandukuni, sijui kwa nini. Kuna vitu mtu unashindwa tu kuvitupa.

Sasa tuje huku. Mama anaishi na sisi Mkolani. Mimi nashona, mume wangu anasafiri na magari ya mizigo, na mtoto wangu wa mwisho, binti, alikuwa kidato cha pili na anajiandaa kupokea kipaimara. Kwenye kipaimara kila mtoto anakuwa na msimamizi. Baba Askofu akifika mbele ya mtoto kumpaka mafuta matakatifu, msimamizi anasimama nyuma yake ameweka mkono wa kulia kwenye bega lake. Mkono wa kulia. Kwetu wa kushoto hata chumvi humpi mtu, sembuse baraka.

Binti yangu alimchagua bibi yake. Bibi ndiye aliyemfundisha kusali, kuanzia ishara ya msalaba mpaka litania. Mama alifurahi akaniagiza nimshonee gauni jipya, tena akasema lisiwe la kizee.

Halafu asubuhi moja, anachambua mchele, ungo ukamponyoka. Kiharusi. Mungu alimwachia ulimi, mguu ukarudi polepole kwa kutumia fimbo, ila mkono wa kulia ukabaki unaning'inia kama mkono wa koti msumarini.

Zilikuwa zimebaki wiki tisa Askofu afike. Mama akamwita mjukuu wake, mimi nipo kwenye cherehani nasikia.

"Mjukuu wangu, tafuta msimamizi mwingine."

"Sitaki mwingine, bibi."

"Nitasimama nyuma yako na mkono wa kushoto? Askofu anaona, watu wanaona, waseme huyu bibi anamlaani mtoto?"

"Basi na mimi sipokei mwaka huu. Nitasubiri."

"Utasubiri nini? Nife?"

"Upone."

Mama akageukia ukutani. Binti yangu akatoka nje akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Mimi nikabaki na sindano hewani, nimeshikwa katikati, maana hawa wawili ni ukaidi uleule uliotoka chungu kimoja, na mimi ndiye niliyeupitisha.

Hospitali walimpa mazoezi. Mtaalamu alimwelekeza vizuri tu: minya huu mpira mdogo, tembeza vidole ukutani kwenda juu, nyanyua mkono mara kumi asubuhi na jioni. Alifanya siku tatu. Ya nne nikaukuta mpira chini ya mto.

"Mama, mazoezi."

"Nimezaa sita, nimezika mume, leo unanipa mpira nichezee? Unataka nipande ukuta kama mjusi?"

Nikasali. Nilikuwa sina kingine. Nilisali novena nzima, siku tisa, na siku ya mwisho ya novena nikafungua sanduku kutafuta lesi ya gauni la binti. Nikakutana na kile kitenge. Nikaitoa bunduki, nikabonyeza kifyatuo, *tik*.

Mama akageuza shingo kutoka kitandani. "Hiyo sauti naijua."

Rafiki, zilikuwa wiki mbili hajaulizia kitu chochote ndani ya nyumba ile.

Sisi sebuleni tuna TV ya flati, kama watu wote siku hizi. Binti yangu akainama nyuma yake akatafuta matundu, akachomeka waya nyekundu na njano, akapuliza kaseti kama nilivyomwelekeza. Ndege wakatokea. Wamevutwa pembeni, wamenenepa, kama wamepigwa pasi, lakini ndio wenyewe. Tukamkalisha mama kwenye kiti, nikamfunga bunduki mkononi kwa kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki kwenye gauni. Akaubeba mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akalenga.

*Tik.* Ndege anapita.

*Tik. Tik.* Wanapita tu. Na ule mlio wa mbuzi ukamzomea.

Alijaribu mara tatu, jasho linamtoka puani. Halafu akashusha. "Mmeona. Hata ndege wa taa wameshajua huu mkono umekufa." Akamwambia mjukuu wake, "Kesho nenda kwa katekista, ukaandikishe jina lingine. Sitaki kusikia tena."

Nilijilaumu mno. Nilitaka kumwinua, nikamzika. Alipokwenda kulala mchana huo nikaichukua bunduki mwenyewe, nikapiga. Hola. Nikasogea mpaka mdomo wa bunduki unagusa kioo, ndege yuko hapohapo, nikapiga. Anapita. Binti akajaribu, anapita.

"Mama," akasema, "kumbe siyo mkono wa bibi."

Tukaenda kumwamsha tumwambie. Hakutusadiki. "Mnanifariji," akasema, akavuta shuka.

Kesho yake binti hakwenda kwa katekista, na mimi sikumuuliza. Nikapanda daladala nikaenda Buzuruga, kwa fundi mmoja wa redio na TV karibu na stendi. Aligeuza bunduki huku na huku akacheka.

"Mama, hii haitoi kitu. Hii inatazama. Ukifyatua, TV inawaka nyeupe pale ndege alipo, kitambo kidogo, jicho lako halioni, bunduki inaona. Sasa flati zinachelewa kuwaka. Zinapowaka, bunduki imeshafumba jicho. Hii inataka chogo."

"Unayo?"

"Chogo? Mama, zote tulishauza vyuma chakavu."

"Hata moja?"

"Ukiipata niite, hata kama imekufa. Nitakuja kuifufua."

Nikatafuta. Kirumba kwa ndugu yangu nikaikuta moja, lakini walishaitoa matumbo, na ndani yake kuku ameatamia mayai kumi na moja. Nikaambiwa nisubiri aangue. Kwingine wameifanya ngazi. Kwingine wameniangalia kama mtu aliyepotewa na akili. Wiki ikapita hivyo.

Jumamosi sisi wa jumuiya, Wakatoliki wa mtaa mmoja, tulisali nyumbani kwa mwenyekiti wetu, mama wa Kihaya, mwalimu mstaafu, anayeongea kama bado ana chaki mkononi. Sanamu ya Bikira Maria kaiweka pembeni, juu ya kitu kilichofunikwa kitambaa cheupe kinachofika chini. Tumepiga magoti, tunasali matendo ya furaha ya rozari. Tendo la tatu upepo ukapita dirishani, kitambaa kikainuka, nikaona vinobu. Viwili, na chini yake kitufe chekundu. Mungu anisamehe, tendo la nne na la tano nilitamka tu mdomoni.

Watu walipoondoka nikabaki. "Mwenyekiti, nina ombi."

"Sema, mama."

"Naomba hicho alichosimamia Bikira Maria."

Akanitazama juu ya miwani. "Mwanamke, unataka kumnyang'anya Mama wa Mungu kiti?"

Nikamweleza. Mama alikuwa amenikataza nisimwambie mtu. Jumuiya walijua tu kwamba anasumbuliwa na mguu, na kila walipotaka kuja kumwona nilitunga sababu. Siku ile nikasema yote, mkono, kipaimara, ndege, hadi ule mlio wa mbuzi. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Chukua," akasema. "Ila TV haiji peke yake. Sisi tunakuja nayo."

Jumapili alasiri nikaona mlango unafunguliwa, wanawake wanne wameibeba ndani ya kanga mbili, wanaimba kabisa, kama wanamleta bibi harusi. Nyuma yao fundi wa Buzuruga na mfuko wake. Akafungua kisogo, akatoa vumbi la kujaza sufuria, mayai ya mjusi, na mdudu mmoja ambaye hatukumtambua. Akachomelea hapa, akagusa pale. Alipowasha ikanuka kuungua, ikavuma, ikatoa ule mlio mwembamba unaousikia kwenye meno, na chenga zikajaa kioo. Nililia, kwa kweli. Kwa ajili ya chenga!

Mama alikuwa chumbani, amesikia sauti zote. Nilipokwenda kumchukua alikuwa amejifunika kanga hadi kichwani.

"Umewaita watu waje waone mkono."

"Wamejileta, mama."

"Umeniaibisha."

Nikamtoa hivyohivyo, amefunikwa. Mwenyekiti akapiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Sauti inatoka ndani ya kanga. "Mmekuja kuangalia mkono?"

"Mkono gani? Tumekuja kuilinda TV yetu. Tumesikia Wasukuma mna nguvu, msije mkaivunja."

Mwenyekiti akachukua bunduki, akasema anaanza yeye, awaonyeshe watu. Akasimama kama anataka kuhutubia, akafumba jicho, akapiga. Akakosa. Akafumba jicho lingine. Akakosa. Ndege wanapanda, wanashuka, mmoja kama alimsubiri kabisa, naye akamkosa, na mbuzi akamzomea. Wanawake wakaanguka kwenye makochi kwa kicheko.

"Wanakwenda mbio hawa!" mwenyekiti analalamika. "Mbona hawatulii? Tulia wewe!"

Ndani ya kanga kitu kikaanza kutikisika. Nikadhani mama analia. Kanga ikashuka, kumbe anacheka, machozi yanamtoka.

"We Mhaya, unawapiga au unawafundisha somo?"

"Mama, nawalenga."

"Ndege hapigwi kwa Kiingereza. Leteni hapa."

Tukaiweka TV juu ya stuli fupi, mbele yake. Nikamfunga bunduki. Ndege wa kwanza akapita, wa pili akapita, na mimi nikaona anapopiga ni mbele, palepale pa zamani. Miaka yote ile, kombeo halijatoka kichwani.

"Bibi, mpige alipo!" binti yangu akapiga kelele, na hakuna aliyewahi kumsimulia.

"Alipo ameshaondoka!"

"Hajaondoka!"

Wa tatu akaanguka. Vigelegele vilivyopigwa pale, watu wa barabarani walisimama kuuliza nani ameolewa. Mama akamtazama mwenyekiti, akainua nyusi tu. Ilitosha.

Baada ya hapo ndipo akili ya binti yangu ilipofanya kazi kuliko yangu. Akasema, "Mama, bibi hanyanyui mkono kwa kuambiwa nyanyua. Ananyanyua kumfuata ndege. Basi tumpandishe ndege."

Tukaanza. Wiki hiyo TV juu ya stuli. Wiki iliyofuata juu ya kreti la soda. Halafu juu ya meza. Halafu kreti juu ya meza. Na TV ya chogo si mchezo kuibeba, kwa hiyo kila ikipanda lazima wanawake wa jumuiya waje, na wakija lazima wacheze, na wakicheza lazima mama awashinde na awaambie neno. Nyumba yangu ikawa na kelele kama mnada. Chai sijui nilipika birika ngapi.

Mkono wa kushoto ulikuwa unaiba. Unakuja taratibu kuubeba mwenzake. Binti yangu akaweka sheria: bibi aukalie. Ikawa mkono ukianza tu kutoka, wote kwa pamoja, "Kalia!" Mama anaurudisha chini ya paja, ananuna, anapiga.

Sitakuficha, kulikuwa na siku mbaya. Siku mkono ulitetemeka mpaka bunduki inagonga kiti, akasema imetosha, akaomba afunguliwe. Nikamfungua. Kesho yake asubuhi akauliza mwenyewe kama kaseti imepulizwa.

Siku moja, zimebaki kama wiki mbili Askofu afike, nipo kwenye cherehani namalizia gauni lake, lile lisilo la kizee. Umeme ukakatika katikati ya mchezo. Kioo kikawa cheusi. Mama akasonya, akakaa anausubiri. Nikageuka nimwambie apumzike. Mkono wa kulia ulikuwa juu, usawa wa macho, umenyooka, bunduki imelenga kioo cheusi. Wa kushoto umekaliwa. Yeye mwenyewe hana habari, anaulalamikia umeme tu. Nikahesabu Salamu Maria tatu nzima kabla haujashuka.

Utadhani basi, kazi imekwisha. Na mimi nilidhani. Jumamosi, siku moja kabla ya kipaimara, tukamsimamisha nyuma ya mjukuu wake, bila bunduki, bila TV, tufanye majaribio. "Haya mama, weka."

Mkono haukwenda. Ulifika kiunoni ukaishia hapo. Akajaribu tena, uso umekunjamana, ukaishia hapo. Mwenyekiti akaangalia chini. Binti yangu ametugeuzia mgongo, hajui kinachoendelea, anasubiri bega liguswe.

"Bibi?"

"Nipo."

Mama akakaa. Akautazama ule mkono kwenye mapaja kama mtu anayemtazama punda aliyegoma. Halafu akasema, "Haujakataa huu. Unachelewa. Mimi nauharakisha kama wa zamani, na wenyewe siyo wa zamani." Akamgeukia mjukuu. "Kesho nitaanza mapema. Wewe usigeuke. Ukisikia sijafika, usigeuke. Simama tu."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Watoto wamepanga mstari, wasimamizi nyuma yao. Mama ndani ya gauni lake jipya, fimbo ameniachia mimi kwenye benchi. Askofu akaanza upande ule, mtoto kwa mtoto. Walipobaki watoto wanne kabla ya binti yangu, nikauona mkono wa mama unaanza safari. Wasimamizi wengine wote wametulia, yeye peke yake mkono unapanda. Watatu. Umefika kiunoni, umesimama. Nilikuwa nimeshika rozari, sikumbuki kama nilisali au niliibana tu. Wawili. Ukaondoka kiunoni. Umepita kiwiko cha mtoto. Mmoja. Unatetemeka. Mwenyekiti karibu yangu anasema kwa sauti ya chini, "Twende mama, twende mama, twende."

Askofu aliposimama mbele ya binti yangu, mkono ukatua. Haukuwekwa, ulitua, kwa uzito wake wote, hadi bega la mtoto likashuka na Askofu akaona. Akamtazama mama, akatabasamu.

"Mkono mzito huo, mama."

"Mzito, Baba," mama akamjibu, na kanisa lile lilivyo na mwangwi tulisikia wote. "Umetoka mbali."

Binti yangu hakugeuka. Alipakwa mafuta machozi yanamdondoka kidevuni, hajageuka. Na walipoambiwa warudi kwenye viti, wasimamizi wote waliondoa mikono isipokuwa mmoja. Mama alirudi nao hivyo, mkono uko begani, mtoto anatembea polepole mbele, bibi nyuma yake, bila fimbo, hadi kwenye benchi. Alipokaa nikamwambia, "Mama, sasa shusha upumzike."

"Niache," akasema. "Nimeuleta mwenyewe, nitaushusha nikitaka."

Rafiki yangu, sikuandikii haya ili ubaki nayo kifuani. Najua kuna mtu unamfahamu, huenda ni jirani yako wa mlango wa pili, ana mzee ndani aliyegeukia ukutani, na watu wa nyumba ile wanafunga mlango kwa aibu kama nilivyoufunga mimi. Msimulie. Msomee kama hajui kusoma, mwandikie kama yuko mbali, naye amwambie wa kwake. Mwambie afungue mlango watu waingie na kelele zao. Na ukimwona mtu yeyote anapakia TV ya chogo kwenye mkokoteni wa vyuma chakavu, tafadhali, msimamishe kwanza umsimulie na yeye.